Lugha, Ua na Jina: Kiswahili katika Historia ya Mmea wa Kivulini wa Usambara, 1884–2015

1.0 Utangulizi

Katika misitu ya Usambara Mashariki na kwenye miamba kadhaa ya mwambao wa Tanzania na Kenya huota mmea mdogo wenye majani mazito yaliyojaa vinyweleo na kujipanga duara karibu na ardhi. Maua yake ni ya rangi ya urujuani, yenye kitovu cha manjano. Mmea huu hupenda kivuli, na mara nyingi hushika mizizi katika nyufa za mawe ambamo udongo ni haba. Wataalamu waliupa jina la Saintpaulia ionantha. Wajerumani huuita Usambaraveilchen, yaani vayoleti ya Usambara. Waingereza na Wamarekani huuita vayoleti ya Afrika. Kwa nasaba, hata hivyo, si vayoleti, bali ni wa familia ya Gesneriaceae.

Masimulizi yanayorudiwa mara kwa mara husema kwamba mmea huu “uligunduliwa” mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa tawala wa Kijerumani. Insha hii inahoji kauli hiyo kwa hoja mbili. Kwanza, waliokusanya mmea huu walikuwa wakikusanya pia lugha, na historia ya ua haiwezi kutenganishwa na historia ya uchunguzi wa Kiswahili. Pili, namna wenyeji walivyotajwa katika kazi ya lugha, na kutotajwa katika kazi ya mimea, inaeleza kwa nini swali la haki juu ya mmea huu lilichelewa kuulizwa.

2.0 Vielelezo vilivyotangulia jina

Saint Paul-Illaire hakuwa Mzungu wa kwanza kuuokota mmea huu. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea, alipeleka kielelezo Kew mwaka 1884. Mwaka 1887 alifuatia Mchungaji William Ernest Taylor wa Church Missionary Society, aliyekusanya kielelezo kutoka nchi ya Wagiriama na vilima vya Shimba. Vielelezo hivyo vilivyokaushwa havikutosha kuelezea spishi mpya kwa mujibu wa kanuni za botania, hivyo vikabaki bila jina.

Jina la Taylor si geni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Ndiye aliyechapisha London mwaka 1891 mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili, na ndiye ambaye nyaraka zake zimehifadhi sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka bin Haji. Mtu aliyesikiliza methali Mombasa ndiye huyohuyo aliyechuma ua kwenye vilima vya bara yake. Kazi zote mbili zilihitaji kuzungumza na wenyeji, kuongozwa njia na kuuliza majina.

3.0 Afisa wa Tanga na kitabu chake cha Kiswahili

Saint Paul-Illaire naye alikuwa mwanafunzi wa lugha hii. Mwaka 1890, kabla ya ua kumpa sifa, alichapisha kitabu cha mafunzo ya Kiswahili kwa ajili ya Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1887 na kuwafunza lugha maofisa waliokuwa wakienda makoloni. Kiswahili kilikuwa kinafanywa chombo cha utawala: amri zilipita kwa maakida na majumbe, na afisa asiyejua lugha hiyo alibaki mikononi mwa mkalimani.

Wakati wenyewe haukuwa wa amani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Ujenzi wa reli kutoka Tanga kuelekea Usambara ulianza mwaka 1893, mwaka uleule ambao ua lilipewa jina. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mtawala wa Vuga. Kuingia msituni na kuchukua mmea kulitegemea njia zilizofunguliwa na utawala huo.

Saint Paul-Illaire alimpelekea baba yake, Ulrich, mmea huo huko Ujerumani. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover, ambaye aliueleza kisayansi mwaka 1893 katika jarida la Gartenflora na kuuonesha katika maonesho ya kimataifa ya kilimo cha bustani mjini Ghent, Ubelgiji. Jina la jenasi liliwaenzi mwana na baba yake.

Maelezo ya Saint Paul-Illaire kuhusu mahali alipoupata mmea yanastahili kusomwa kwa makini. Alitaja sehemu mbili: ya kwanza ni mwendo wa saa moja kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, ya pili ni msituni Usambara, kivulini, juu ya mawe ya graniti, takriban futi 2,500 kutoka usawa wa bahari. Mwendo wa saa moja kutoka bandari ya kale si pori lisilokanyagwa na mtu. Ukanda huohuo wa chokaa ndio wenye mapango ya Amboni, ambamo wenyeji hufanya matambiko. Kwa hiyo kitenzi “kugundua”, kinapotumiwa kuhusu mahali kama hapo, kinaeleza upya wa jambo kwa Hannover, si upya wake kwa Tanga.

4.0 Nafasi iliyokuwapo kwa mwalimu wa lugha

Ulinganisho na kazi ya Taylor unaifafanua hoja hii. Mashairi ya Muyaka hayakumfikia Taylor yenyewe. Yalimfikia kupitia Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, msomi aliyeyakusanya na kuyafafanua. Jina la Sikujua limebaki, na hakuna mtafiti makini wa Muyaka anayeweza kulipita. Uhusiano wao ulikuwa wa nguvu zisizo sawa, lakini utaratibu wa kukusanya fasihi uliacha nafasi ya kuandika nani alisema nini.

Utaratibu wa botania haukuwa na nafasi hiyo. Kibandiko cha kielelezo kilidai jina la mkusanyaji, mahali na tarehe. Aliyeonesha njia, aliyejua ni mwamba upi wenye maji wakati wa kiangazi, na aliyebeba mizigo hawakuhitajika ili jina la kisayansi liwe halali. Kwa hiyo kutotajwa kwa wenyeji hakukutokana tu na tabia ya mtu mmoja. Kulikuwa zao la fomu yenyewe. Mtu yuleyule, Taylor, alipobadili kazi kutoka shairi hadi ua, alibadili pia kanuni ya nani anastahili kuandikwa.

5.0 Kutoka mbegu hadi biashara

Baada ya 1893 kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ilianza kuuza mbegu. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche mingi na kuchagua aina 10 zilizokuwa msingi wa biashara ya Marekani. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili waliunda African Violet Society of America. Kwa uzalishaji wa kuchagua, maua meupe, ya waridi na yenye tabaka nyingi yalipatikana.

Safari hii yote ilifanyika bila mkataba wowote na watu wa Usambara, kwa kuwa sheria ya kudai mkataba haikuwapo. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 ulitambua mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana manufaa. Lakini mbegu zilikuwa zimeondoka karne moja kabla.

Kilichobaki nyumbani ni mmea wenyewe, na sharti lake ni kivuli. Miti mikubwa ikikatwa, jua hufika kwenye mwamba, unyevu hutoweka, na mmea hukauka hata kama hakuna aliyeugusa. Ukataji wa magogo kwa mashine uliofanyika Usambara Mashariki hadi miaka ya 1980 ulidhihirisha hatari hiyo. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, lakini baadhi ya makazi ya mmea huu, hasa miamba ya nyanda za chini, ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2015 uchunguzi wa nasaba ulisababisha jenasi Saintpaulia kuunganishwa na Streptocarpus. Jina la baron limebaki kwa kundi dogo tu ndani ya jenasi hiyo. Usambara, ambayo haikuingizwa katika jina la Kilatini, imeendelea kutajwa katika jina la kawaida la Kijerumani.

Insha hii inapendekeza mambo mawili. Maandishi ya Kiswahili yaseme kwamba mmea huu “ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1893”, na kuacha “uligunduliwa”. Pia, watafiti wa historia ya Kiswahili wazisome nyaraka za akina Taylor na Saint Paul-Illaire kwa ukamilifu wake, methali pamoja na mimea, kwani tukizitenganisha tutarithi mgawanyo uleule uliompa Mwalimu Sikujua jina na kuwanyima majina walioonesha njia ya msituni.