Majina Daftarini: Tarikhi ya Usalama wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Mwezi wa Mei 1920, katika Chuo Kikuu cha Harvard, kilicho kikongwe kuliko vyote vya Marekani, wakuu wachache wa chuo walikaa majlisi ya siri, isiyokuwa na kanuni zilizoandikwa wala wakili wa kumsemea mtuhumiwa, na kazi waliyojipa ilikuwa moja tu: kuwatafuta wanafunzi waliopendana na wenzao wa jinsia moja na kuwaondosha. Chanzo kilikuwa msiba. Kijana aitwaye Cyril Wilcox, ambaye alikwisha kuondoka chuoni kwa udhaifu wa afya na wa masomo, alijiua nyumbani kwao Fall River. Na nduguye, alipozifungua barua zilizofika baada ya mauti, akaona humo habari za rafiki zake wa Harvard, akayakusanya majina, mengine akayapata kwa kumpiga mtu mmoja wa Boston mpaka akasema, kisha akampelekea mkuu wa wanafunzi.

Majlisi ile, iliyokuwa na baraka za Rais wa chuo, Abbott Lawrence Lowell, iliwaita watu wapatao 30, mmoja mmoja, ikawauliza juu ya marafiki zao, na vitabu walivyosoma, na karamu walizohudhuria katika chumba cha mwenzao kwenye dakhalia ya Perkins, na mambo ya faragha ambayo mtu hayatamki hata mbele ya mzazi wake. Wanafunzi wanane walifukuzwa, nao hawakutolewa chuoni tu, maana waliamriwa wauhame na mji wa Cambridge. Tena katika ofisi iliyokuwa ikiwatafutia wahitimu kazi na kuwaandikia barua za sifa paliwekwa maagizo kwamba yeyote atakayeulizwa juu ya watu hao asiseme neno la kuwaamini kabla hajashauriana na mkuu wa wanafunzi, hata ikawa aliyekimbilia mbali alifuatwa huko huko na jina lake. Eugene Cummings, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alijiua mwezi wa Juni. Karatasi za kesi hiyo, zipatazo 500, zilikaa katika hifadhi ya nyaraka hadi 2002, ndipo mwanafunzi Amit Paley, mwandishi wa gazeti la chuo, The Harvard Crimson, alipozigundua na kudai zitolewe. Zikatolewa majina yakiwa yamefichwa, na waandishi wakalazimika kuyatafuta upya kwa kulinganisha kumbukumbu. Rais wa wakati huo, Lawrence Summers, alitoa tamko la masikitiko, miaka 82 baada ya tendo.

Nimelitanguliza jambo hili kwa kuwa watu wengi, wanaposikia habari za kuwalinda wanafunzi wapendao wenzao wa jinsia moja, au waliobadili jinsia, hudhani kwamba adui tangu mwanzo alikuwa mhuni wa njiani. Kumbe kwa muda mrefu aliyewatisha zaidi alikuwa ni chuo chenyewe, kikiwa na daftari mkononi. Wala halikuwa jambo la Harvard pekee. Katika jimbo la Florida bunge liliunda mwaka 1956 kamati ya upelelezi, ambayo watu waliiita kwa jina la seneta Charley Johns, nayo ilianza kwa kuwaandama watu weusi waliokuwa wakidai haki zao, na ilipokwama huko ikavigeukia vyuo. Mjini Gainesville, mwaka 1958 na 1959, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Florida waliitwa kuhojiwa, kila mmoja akitakiwa awataje wengine, na walimu zaidi ya kumi wakapoteza kazi zao. Kamati hiyo haikuvunjwa hadi 1965.

Sasa tuje kwa kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, kwani kwake ndipo mambo yalipoanza kupinduka. Robert Martin, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa jina alilojipa mwenyewe, Stephen Donaldson, aliwaambia aliokaa nao dakhalini kuwa yeye hupenda wanawake na wanaume pia, na wenzake hao wakaona uzito wa kuendelea kuishi naye, hata akalazimika kuhama. Asomaye aliyepata kukaa dakhalia atafahamu uchungu wake: mahali unapolala, unapooga na kula, ndipo unapoonekana mgeni. Akapata wengine wa hali yake, wakaazimia kuunda jumuiya, waipe jina la Student Homophile League, na wakaomba hati ya chuo kama ziombavyo jumuiya za mijadala au za muziki. Kizuizi kikawa ni majina. Kanuni ya chuo ilitaka kila jumuiya itoe orodha ya wanachama wake, na nani angethubutu kuandika jina lake hapo, wakati ambapo jina hilo likivuja lingeweza kumnyima kazi na kumtenga na jamaa zake, na pengine kumfikisha mbele ya polisi? Kwa muda wa miezi shauri lilisimama. Kisha Martin akapata hila iliyo halali kabisa: akawaendea viongozi mashuhuri wa wanafunzi, watu wasiokuwa na haja ya kuogopa, akawaomba wajiandikishe kuwa wanachama kwa jina tu, nao wakakubali, orodha ikatimia bila ya yeyote mwenye kuhofia kufichuliwa. Tarehe 19 Aprili 1967 Columbia ikatoa hati, na jumuiya hiyo ikawa ya kwanza ya aina yake kutambuliwa na chuo kikuu katika Marekani, miaka miwili kabla ya ghasia za Stonewall, pale wapendao wa jinsia moja walipopambana na polisi, ambazo wengi huzihesabu kuwa ndizo mwanzo wa kila kitu. Gazeti la New York Times lilipoitangaza habari hiyo katika ukurasa wa kwanza mwanzoni mwa Mei, barua za ghadhabu zilimiminika chuoni, lakini hati haikutanguliwa. Mwaka uliofuata Cornell nao wakawa na tawi lao, mshauri wake akiwa ni padri Mjesuiti, Daniel Berrigan, jambo ambalo napenda kulitaja kwa kuwa wengi hudhani kwamba watu wa dini wote walikuwa upande mmoja.

Hati ya Columbia ilikuwa hisani, na kile kilichotolewa kwa hisani, mwenyewe akibadili nia hukirudisha mfukoni. Haki ilipatikana mahakamani, tena kupitia kesi isiyowahusu. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Healy na James, lililotokana na wanafunzi wa siasa kali katika chuo kimoja cha serikali cha Connecticut, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kuinyima jumuiya kutambuliwa kwa sababu tu wakuu wake wanayachukia maoni yake. Kwa ufunguo huo wanafunzi wa New Hampshire waliufungua mlango wao.

Kisa cha New Hampshire kinastahili kusimuliwa kwa utaratibu, maana chanzo chake kilikuwa dansi. Jumuiya ya wanafunzi hao, iliyotambuliwa na chuo kikuu cha jimbo hilo mwezi wa Mei 1973, iliandaa dansi tarehe 9 Novemba, na dansi ikapita salama, bila ya ugomvi wala fujo. Lakini Gavana Meldrim Thomson alikasirika, na wadhamini wa chuo, kwa kumwogopa, wakaipiga marufuku jumuiya isifanye tena shughuli yoyote ya burudani; mikutano ya maneno wakairuhusu. Desemba jumuiya ikaonyesha mchezo wa kuigiza, na Gavana akaandika waraka wa wazi akionya kwamba wadhamini wasipochukua hatua kali hataruhusu hata senti moja zaidi ya fedha za umma iende chuoni. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kushitaki. Wadhamini walijitetea kwamba kusema ni uhuru, ama kucheza dansi ni starehe tu, na starehe haina ulinzi wa katiba. Hakimu Hugh Bownes, Januari 1974, aliikataa hoja hiyo, na mwisho wa mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikamuunga mkono: watu hukusanyika kwa chakula na ngoma kama wakusanyikavyo kwa hotuba, na jumuiya iliyoruhusiwa kuzungumza ikanyimwa kuonana kwa furaha imenyimwa nusu ya uhai wake. Kwangu mimi hakuna hukumu katika tarikhi hii yote iliyofahamu vizuri zaidi upweke wa kijana aliye mbali na kwao.

Missouri mambo yalikuwa makali zaidi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha huko waliomba kutambuliwa tangu 1971, wakakataliwa, na mahakamani walisimamishwa matabibu wa maradhi ya akili kushuhudia kwamba jumuiya kama hiyo ingeeneza ugonjwa, ijapokuwa chama chao wenyewe cha matabibu wa Marekani kiliiondoa hali hiyo katika orodha ya maradhi mwezi wa Desemba 1973. Mahakama ya rufaa iliwapa wanafunzi haki mwaka 1977. Mahakama Kuu ilipokataa kulisikiliza shauri mwaka uliofuata, Hakimu William Rehnquist aliandika maoni ya kupinga, akilifananisha suala hilo na la wenye surua wanaotaka kukutana na watu wengine wakati wa karantini. Mwanachuoni wa sheria mwenye elimu kubwa kama yake angeweza kuleta hoja iliyo bora kuliko hiyo. Vyuo vya dini havikufungwa na hukumu hizo, lakini hata huko Georgetown, chuo cha Wajesuiti, mahakama ya Washington iliamua mwaka 1987 kwamba chuo hakilazimiki kuipa jumuiya baraka zake, ila kinalazimika kuipa huduma zile zile wanazopewa wengine.

Jumuiya huweza kuwakusanya watu, lakini haiwezi kumhamisha mwanafunzi aliyetishwa chumbani mwake usiku, wala kumkabili mwalimu anayemdhihaki darasani. Kazi hiyo yataka mtu wa chuo, mwenye mshahara na meza. Chuo Kikuu cha Michigan ndicho kilichotangulia, mwaka 1971, kilipowaajiri Jim Toy na Cynthia Gair kwa sehemu ya siku, mmoja awatetee wanaume na mwingine wanawake. Vyuo vingine vilifuata kwa mwendo wa kobe, na vingi havikushituka mpaka damu ilipomwagika. Matthew Shepard, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Wyoming, alitoka katika mkutano wa jumuiya ya wenzake usiku wa tarehe 6 Oktoba 1998, na usiku huo huo watu wawili wakamchukua nje ya mji wa Laramie, wakamfunga kwenye ua na kumpiga. Alifariki tarehe 12. Sheria ya taifa yenye jina lake, pamoja na la James Byrd, mtu mweusi aliyeuawa Texas mwaka huo, ilitiwa sahihi na Rais Barack Obama Oktoba 2009. Mwaka mmoja baadaye, katika chuo kikuu cha Rutgers, Tyler Clementi, aliyekuwa na wiki chache tu tangu aanze masomo, alijiua baada ya mwenzake wa chumba kumpeleleza kwa kamera ya kompyuta akiwa faraghani. Tangu Martin wa Columbia hadi huyu ni zaidi ya miaka 40, na hatari bado ilikuwa chumba kile kile cha dakhalia. Ni ajabu kwamba vyuo vilivyotumia akili nyingi hivyo kuzuia dansi vilichelewa kufikiri juu ya nani alazwe na nani. Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kilitenga sehemu ya dakhalia kwa wanafunzi hao mwaka 1992, na wengi hawakuiga mpaka baada ya Rutgers.

Lile daftari nalo limekuja kubadili kazi. Michigan, mwaka 1995, Ronni Sanlo, mama ambaye alizuiwa kuhudhuria mahafali ya watoto wake mwenyewe kwa sababu ya hali yake, alianzisha mahafali ya rangi ya urujuani, ambamo wanafunzi hawa huitwa mbele ya watu na kupongezwa. Wa mwaka wa kwanza walikuwa watatu. Chuo Kikuu cha Vermont, tangu 2009, kimemruhusu mwanafunzi aliyebadili jinsia aandikishe jina analolitumia, ili mwalimu anapoita mahudhurio asimfichue mbele ya darasa zima.

Miaka hii upepo umegeuka tena. Chuo Kikuu cha Houston kilikivunja kituo chake cha wanafunzi hao mwaka 2023, kikitii sheria mpya ya Texas iliyoanza kutumika Januari 2024, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga chake mwaka 2024 kwa sheria ya jimbo lake. Maofisa wakahamishwa na milango ikaondolewa vibao. Lakini jumuiya za wanafunzi wenyewe, zile zinazosimama juu ya hukumu za 1972 na 1974, sheria ya Texas haikuzigusa: zimetajwa ndani yake kuwa zimesamehewa, nazo zaendelea kukutana.