Taji Moja, Miaka Mingi: Mpangilio wa Tarehe katika Tarihi ya Mabingwa Wanne

Tarihi ya Ufalme wa Ayalandi, maarufu kama Tarihi ya Mabingwa Wanne, iliandikwa kwa Kiayalandi kati ya Januari 1632 na Agosti 1636 katika makao ya Wafransisko wa Donegal, karibu na mto Drowes. Aliyesimamia kazi hiyo ni Mícheál Ó Cléirigh, bruda aliyetumwa mwaka 1626 kutoka chuo cha Mtakatifu Antoni mjini Louvain kukusanya habari za watakatifu wa kwao. Wenzake walitoka katika koo zilizorithishana taaluma ya historia: Ó Cléirigh, Ó Maol Chonaire na Ó Duibhgeannáin. Mfadhili alikuwa Fearghal Ó Gadhra, bwana wa Coolavin. Jina la Mabingwa Wanne lilikuja baadaye, lilipotumiwa na John Colgan mwaka 1645. Tarihi inaanza mwaka 2242 tangu kuumbwa kwa dunia, na Cessair anayesemekana kutua Ayalandi siku 40 kabla ya Gharika. Inaishia mwaka 1616 BK, kwa kifo cha Hugh O'Neill, mmoja wa wakuu wa Ulster, huko Roma.

Kwamba sehemu ya kabla ya Ukristo si historia ya matukio, hakuna mtaalamu anayebisha leo. T. F. O'Rahilly alieleza mwaka 1946 kwamba masimulizi ya uvamizi wa kale yalipangwa na wasomi waliotaka kuwapa wakazi wote wa kisiwa asili moja. Ubishi unaanzia kwenye hitimisho ambalo wengi wamelitoa hapo: kwamba tarihi ikatwe vipande viwili, cha mwanzo waachiwe wachambuzi wa visasili, cha pili kitumiwe na wanahistoria kama hazina ya tarehe. Mgawanyo huo haufai. Kanuni iliyojenga sehemu ya mwanzo iliendelea kufanya kazi katika sehemu ya pili, na asiyeijua atapotoshwa hata na tarehe za enzi za Ukristo.

Kanuni yenyewe ni orodha ya wafalme. Kabla ya kuanza tarihi, Ó Cléirigh na wenzake walikuwa wamekwisha kuandaa orodha ya wafalme na nasaba za watakatifu mwaka 1630, kisha nakala mpya ya Kitabu cha Uvamizi mwaka 1631. Kwa umri wa dunia walifuata hesabu ya Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, inayoweka takriban miaka 5,200 kati ya uumbaji na Kristo, ilhali Geoffrey Keating, aliyeandika wakati huohuo, alifuata hesabu fupi ya Kiebrania. Hesabu ndefu iliwapa nafasi kubwa ya kujaza, na wana wa Míl, wanaotajwa kuwa mababu wa Wagaeli, wakatua mwaka 3500 wa dunia, yaani takriban 1700 KK. Kuanzia hapo miaka inahesabiwa kwa tawala. Mara nyingi mwaka hauna tukio lolote ila idadi ya miaka ambayo mfalme amekaa kitini. Pale habari inapokuwapo, imefungwa kwa mfalme: chini ya mwaka 3656 yumo Tigernmas, katika mwaka wake wa 77. Katika enzi yake dhahabu iliyeyushwa kwa mara ya kwanza Ayalandi na nguo zikatiwa rangi ya zambarau, buluu na kijani. Kisha akafa pamoja na robo tatu ya wanaume wa nchi huko Magh Slécht, usiku wa sikukuu ya Samhain, wakiiabudu sanamu ya Crom Cróich.

Ushahidi mzito zaidi umo katika enzi ambazo tarehe zake zinaweza kupimwa. Miongoni mwa vyanzo vyao waandishi wanakitaja kitabu cha Seanadh Mac Maghnusa, ambacho leo ni Tarihi ya Ulster. Kitabu hicho kiko nyuma kwa mwaka mmoja tu katika sehemu kubwa ya karne za mwanzo. Hata hivyo, kifo cha mtakatifu Colum Cille, ambacho kwa kawaida huwekwa mwaka 597, Mabingwa wanakiweka 592. Kuchomwa kwa kisiwa cha Rechru na maharamia, tukio la 795, kumo chini ya 790. Vita vya Clontarf vya 1014, alimouawa mfalme Brian Bóruma, vimo chini ya 1013. Watu waliokuwa na chanzo bora mezani waliandika tarehe mbaya zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba, orodha ya tawala ilipogongana na mwaka wa chanzo, orodha ndiyo iliyoshinda.

Inaweza kupingwa kwamba haya ni makosa ya kawaida ya kunakili. Lakini makosa ya kunakili huenda mbele na nyuma, na haya matatu yote yanarudi nyuma. Pingamizi lingine ni kwamba wasomi wa wakati ule hawakuwa na shaka juu ya wafalme wa kale. Jibu limo katika tarihi inayobeba jina la Tigernach, abate wa Clonmacnoise aliyekufa 1088, ambayo inasema wazi kuwa kumbukumbu za kabla ya mfalme Cimbáeth hazina uhakika. Shaka ilikuwapo, ila haikufuatwa.

Sababu ya kutoifuata inaonekana katika mazingira ya uandishi. Mwaka 1541 bunge la Dublin lilimtangaza Henry VIII mfalme wa Ayalandi. Mwaka 1607 wakuu wa Ulster walikimbilia bara la Ulaya, na ardhi yao ikagawiwa walowezi. Tangu Giraldus Cambrensis wa karne ya 12, waandishi wa upande wa Uingereza waliwachora Waayalandi kama washenzi. Mfululizo mrefu wa wafalme ulijibu dai hilo: ufalme ulikuwapo kabla Waingereza hawajafika.

Kwa hiyo tarehe ya tarihi hii isitumiwe peke yake kabla ya kulinganishwa na Tarihi ya Ulster. Habari zake, kwa upande mwingine, zisitupwe, kwa kuwa baadhi ya vitabu ilivyonakili havipo tena. Na sehemu yake ya kabla ya Ukristo, isiyosema lolote la hakika juu ya karne za kale, ni miongoni mwa ushahidi bora wa fikra za kisiasa za Ayalandi ya miaka ya 1630.