Mtetemo Ndani ya Soksi

Mkono wa jamaa ulitetemeka alipokuwa akisukuma noti zake katikati ya meza, nami nikafurahi moyoni. Nilidhani najua maana yake: anayetetemeka anaogopa, na anayeogopa ameshika galasa. Mezani zilikuwa zimelala ree ya uru, tisa ya kopa, nne ya pau, mbili na saba. Mimi nilikuwa na ree na mfalme. Nikahesabu laki mbili na elfu arobaini, fedha iliyokuwa kodi ya chumba changu, nikaziweka juu ya zake. Akafunua tisa mbili. Pamoja na ile ya mezani, tatu.

Tulikuwa watu sita, Ijumaa usiku, kwenye baraza ya fundi redio. Mama yangu huuita mchezo huo kamari na hana jina lingine la kuupa, wala simlaumu. Mwenye nyumba Jumatatu hakutaka hadithi.

Miaka kadhaa baadaye nilikisoma kitabu cha Mmarekani Mike Caro, kilichotoka mwaka 1984, kuhusu ishara za mwili kwenye meza ya poka. Mkono unaoanza kutetemeka ghafla, anasema, mara nyingi ni wa mtu aliyepata karata nzuri. Anayekutishia nyau hujikaza. Hukakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti, hata pumzi huibana. Aliyepata hana tena cha kujikazia, basi mwili unaachia. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeiona ishara sawasawa, nikaisoma kinyume.

Kutoka kwa Caro nikafika kwa Andy Beal, na huyo hajanitoka kichwani.

Beal ni mwenye benki kutoka Dallas, Marekani. Benki yake aliianzisha mwaka 1988. Hakumaliza chuo, lakini mwaka 1993 alibuni fumbo la hisabati ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake, na zawadi ya atakayelithibitisha au kulivunja imefika dola milioni 1. Akajaribu pia kutengeneza roketi. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2000. Mwaka uliofuata, 2001, aliingia kwenye chumba cha poka cha hoteli ya Bellagio, Las Vegas, akaketi na watu ambao poka ndiyo kazi yao.

Hapa nieleze jambo moja. Watu wengi huijua poka kwa mashindano ya kwenye televisheni, ambako unalipa kiingilio na vibao vyako vikiisha unakwenda nyumbani. Mchezo wa fedha taslimu ni kitu kingine. Kila kibao mezani ni fedha kamili, unaweza kuongeza nyingine, na unaweza kuinuka wakati wowote. Huo uhuru wa kuinuka ndio mtego. Hakuna anayekufukuza, kwa hiyo kila dakika unayokaa umeamua mwenyewe kukaa.

Beal alitaka kucheza na mmoja mmoja, ana kwa ana, dau la kila raundi likiwa limepangwa kabla. Alijua kwamba mbele yake wamekaa watu waliotumia maisha yao kuwasoma wenzao. Kwa hiyo alifanya kile ambacho mtu wa hisabati angefanya: alitafuta kila mahali anapovuja, apazibe. Macho akayafunika kwa miwani ya jua. Masikioni akaweka vipokea sauti, asichotwe na maneno ya mezani. Nyumbani alitumia kompyuta kujaribu mikono mingi kupita kiasi, ili uamuzi uwe umeshafanywa kabla hajaketi.

Lakini kulikuwa na tundu ambalo miwani haizibi, nalo ni muda. Mtu anayeweka dau papo hapo alikuwa ameshaamua. Anayechelewa ana kitu cha kupima, na kitu cha kupima kwa kawaida ni karata za katikati, si nzuri sana wala si mbaya sana. Michael Craig, katika kitabu chake cha mwaka 2005, *The Professor, the Banker, and the Suicide King*, anaeleza dawa aliyoitunga Beal: kifaa kidogo chenye mota, kimefichwa ndani ya soksi, kinachotetemeka kila baada ya muda. Beal alisubiri mtetemo ndipo atende. Awe ameshika ree mbili au takataka, mwendo ulikuwa uleule.

Kila nikifikiria soksi ile nacheka, halafu nanyamaza. Tajiri kiasi kile, akishikilia kisigino chake kimwambie wakati wa kusogeza mkono.

Silaha yake kubwa zaidi haikuwa soksi, hata hivyo. Ilikuwa fedha yenyewe. Alitambua kwamba wale mabingwa walicheza vizuri kwa sababu dau halikuwauma. Basi akawa anadai dau lipande, lipande tena, mpaka liume. Ilifika dola 100,000 kwa raundi mbili za kwanza na 200,000 kwa mbili za mwisho. Kwa kiwango hicho mkono mmoja unaweza kumeza zaidi ya milioni 1.

Tazama uamuzi unavyokuwa hapo. Katikati kuna milioni 1.2, dau lake likiwa ndani, na wewe unatakiwa ulipe 200,000 ili afunue. Huhitaji uhakika kwamba unashinda. Ukiwa sahihi mara moja tu katika kila saba, umerudisha fedha yako. Hesabu hiyo haibadiliki hata ukifuta sifuri zote. Anayebadilika ni mtu. Akianza kuiona ile 200,000 kama nyumba, ataacha karata ambazo alipaswa kuzilipia.

Mabingwa nao walimsoma vilevile. Doyle Brunson, Chip Reese, Jennifer Harman, Howard Lederer, Todd Brunson na wenzao, ambao usiku mwingine wowote walikuwa wakilana wao kwa wao, walichanga mfuko mmoja. Anayeketi na Beal alicheza kwa niaba ya wote, hasara ikigawanywa. Dau likarudi kuwa namba.

Mei 2004 Beal alishinda milioni 11.7 kwa siku moja. Angeweza kupanda ndege. Kesho yake alirudi mezani akapoteza mamilioni.

Februari 2006, safari hii kwenye hoteli ya Wynn, aliwachota tena mamilioni, kundi likatikisika. Ndipo wakamleta Phil Ivey, kijana wa miaka 29 mwenye uso usiosema kitu. Katika siku tatu Ivey alichukua zaidi ya milioni 16.

Nimezirudia siku hizo tatu mara nyingi nikitafuta Ivey aliona nini. Pengine hakuona chochote usoni. Mtu aliyeziba kila tundu bado anacheza kwa mpangilio, na mpangilio husomeka kama mwandiko. Mimi kwenye baraza ile sikuwa nimetazama mpangilio. Jamaa yule, tangu saa mbili usiku, hakuwa amesukuma noti zake zote hata mara moja. Hilo lilikuwa mbele ya macho yangu usiku kucha, nami nikaangalia vidole. Tena nilikuwa na kodi ya mwezi mfukoni na nikataka sana awe anatishia nyau.

Juzi tulikutana kwenye msiba. Nikamuuliza kama anajua kwamba usiku ule mkono wake ulitetemeka.

"Mkono wangu?" akasema. "Haujawahi kutetemeka." Akaunyoosha mbele yangu, vidole vikiwa wima, nione.