Tamthilia za Kikorea na Kichina: Nani Ameshika Usukani

Tamthilia ya Kikorea, kwa sura yake iliyozoeleka, ni hadithi inayoanza na kuisha ndani ya sehemu 16. Kila sehemu hukaribia saa nzima au kuipita, na hurushwa mbili kwa wiki, hivyo miezi miwili ikitimia mambo yamekwisha. Ya Kichina nayo hukamilika kwa mkupuo mmoja, ila sehemu zake ni za dakika 45 hivi na idadi yake imewahi kufika 40, 60, hata kuvuka 80. Mashabiki wa pande hizi mbili hawaishi kubishana, na ubishi wao mwingi ni wa sura na vipaji: Wakorea wanajua kulia, Wachina wanavuta hadithi kama jojo, huyu anaigiza kweli na yule anauza sura. Kwa maoni yangu, tofauti nyingi wanazozigombea hazitoki kwa waigizaji. Zinatoka kwa aliyeshika usukani wakati kazi inatengenezwa. Korea Kusini ni mwandishi. China ni kampuni iliyonunua riwaya, ikiwa na mkaguzi wa serikali ambaye hutazama kazi nzima kabla mtazamaji hajaiona.

Stesheni tatu kubwa za Korea Kusini, KBS, MBC na SBS, ndizo zilizowazoesha watu ratiba ya Jumatatu na Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kisha wikiendi. Baadaye zikaja tvN mwaka 2006 na JTBC mwaka 2011, zikanyakua hadithi nyingi nzuri. Wapinzani walirusha tamthilia zao usiku uleule, na mtazamaji asiyenaswa wiki ya kwanza alihamia kwa jirani asirudi. Ndiyo sababu tamthilia ya Kikorea hufunguka kwa kishindo: ajali, harusi iliyovunjika, mrithi aliyefukuzwa na baba yake. Aliyepewa kazi ya kumnasa mtu huyo ni mwandishi, mara nyingi mwanamke, na jina lake huuza tamthilia kuliko jina la mwongozaji.

Mtazamaji mzoefu hutambua mkono wa mwandishi kabla hajaliona jina lake. Kim Eun-sook, aliyeandika Secret Garden (2010), Descendants of the Sun na Goblin (zote 2016), huandika majibizano. Wapenzi wake huchokozana kwa maneno makali yenye utani ndani, na sentensi moja huweza kukaririwa mitaani mwaka mzima. Alipobadili mkondo na kuandika The Glory (2022), hadithi ya kisasi cha msichana aliyeteswa shuleni, makali yaleyale yalibaki, ila utani ulitoka. Park Ji-eun ana mchezo mwingine. Humchukua mwanamke tajiri au maarufu, mwenye kujiona, kisha humwangusha mahali ambapo pesa zake hazina kazi. Katika Crash Landing on You (2019) upepo humrusha mrithi wa kampuni za Seoul hadi Korea Kaskazini. My Love from the Star (2013) na Queen of Tears (2024) zina mifupa hiyohiyo chini ya nyama tofauti. Wanaosema nyota wake Jun Ji-hyun na Son Ye-jin wana kipaji cha kuchekesha wanasema kweli, lakini wamesahau kwamba kalamu iliyowapa maneno ya kuchekesha ni moja.

Usukani huo wa mwandishi una gharama yake, na gharama huonekana kuanzia sehemu ya 12. Kwa miaka mingi Wakorea walipiga picha huku tamthilia ikiwa tayari hewani. Mwandishi alisikiliza watazamaji wanasemaje, akabadili njia, na waigizaji wakapokea kurasa za siku hiyohiyo wakiwa hawajalala. Hadithi iliyoanza kwa kasi ikaishia kwenye kumbukumbu za matukio tuliyokwisha kuyaona, saratani ya ghafla, na mmoja wa wapenzi kwenda kusoma ng'ambo kwa mwaka mmoja. Utaratibu huo ulilegea kwa sababu kadhaa. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha saa 52 za kazi kwa wiki. Kabla ya hapo, cha ajabu, ni China iliyosukuma mageuzi. Ili Descendants of the Sun irushwe kwenye jukwaa la iQiyi sambamba na KBS, wakaguzi wa China walitaka kuiona yote kwanza, kwa hiyo ikapigwa picha nzima kabla ya kuanza kurushwa.

Soko hilo la China lilifungwa ghafla. Julai 2016 Seoul ilitangaza kuweka mitambo ya Marekani ya kuzuia makombora, Beijing ikakasirika, na bila tangazo rasmi lolote tamthilia za Kikorea zikatoweka kwenye televisheni za China. Watayarishaji wakageukia Netflix. Kutoka huko tulipata Kingdom (2019) na Squid Game (2021), hii ya pili ikiwa na sehemu tisa tu katika msimu wake wa kwanza, na mwigizaji wake mkuu Lee Jung-jae akapata tuzo ya Emmy mwaka 2022. Sina ugomvi na Squid Game. Ila mkondo huo mpya umekuwa mfupi, wa giza na damu nyingi, na umepunguza kile ambacho Wakorea walikiweza kuliko wengine: chakula cha jioni cha familia, mama mkwe jikoni, kimya baina ya baba na binti. When Life Gives You Tangerines (2025), iliyowekwa kisiwani Jeju na kurudi kwenye sehemu 16, inaonyesha kwamba ufundi huo haujafa.

Neno moja juu ya matangazo, maana huwaudhi wengi. Hadi mwaka 2021 stesheni kubwa za Korea hazikuruhusiwa kukata kipindi katikati kwa ajili ya matangazo, kwa hiyo bidhaa ziliingizwa ndani ya hadithi yenyewe. Ndiyo maana wakurugenzi matajiri hujadili urithi wakiwa wamekaa kwenye mgahawa wa Subway wanatafuna mkate.

Upande wa China, hadithi mara nyingi huanza kama riwaya iliyochapishwa mtandaoni sura kwa sura, ikiwa na wasomaji wake tayari. Kampuni hununua haki, hutafuta nyota, kisha huuza kwa stesheni au kwa majukwaa makubwa: iQiyi, Tencent Video, Youku na Mango TV. Kwa kuwa bei ilihesabiwa kwa sehemu, kurefusha hadithi kulilipa. Februari 2020 mamlaka ya utangazaji ilitaka tamthilia zisizidi sehemu 40, ikapendekeza 30 au pungufu. Anayelalamika juu ya urefu, basi, alaumu zaidi mkataba wa mauzo kuliko utamaduni wa watu.

Hata hivyo urefu ukipata mwandishi na mwongozaji wa kuujaza huzaa kitu ambacho Korea haina. Mfano wangu ni Empresses in the Palace (2011), sehemu 76, iliyotokana na riwaya ya mtandaoni ya Liu Lianzi na kuongozwa na Zheng Xiaolong. Riwaya ilitumia enzi ya kubuni, naye Zheng akaihamishia kwenye jumba la mfalme Yongzheng wa nasaba ya Qing, ikapata vyeo, mavazi na adabu za kweli. Mwigizaji Sun Li huingia akiwa msichana asiyetaka kuchaguliwa kuwa suria wa mfalme, na hutoka akiwa mama wa mfalme asiyebakiza rafiki. Mabadiliko hayo hayana tukio moja la kuyaelezea. Yamo katika namna anavyopokea kikombe cha chai, anavyochelewa kuinua macho, anavyojifunza kusifia mtu kwa sauti ileile ya kumtisha. Ukiyabana kwenye sehemu 16 utabakiza sumu na makofi tu.

Majumba tunayoyaona humo mengi yako Hengdian, mkoani Zhejiang. Eneo hilo lilianza kujengwa mwaka 1996 kwa ajili ya filamu ya Xie Jin kuhusu Vita vya Afyuni, na leo lina nakala ya jumba la kifalme la Beijing lenye ukubwa wa kweli. Siku moja makundi kadhaa hupiga picha bega kwa bega, huku watalii wakipita.

Mkaguzi naye huacha alama. Mwaka 2011 mamlaka ilikemea hadithi za watu wa leo kurudi enzi za kale. Januari 2019 gazeti la Beijing Daily lilishambulia tamthilia za ikulu kwa kutukuza anasa na fitina, na Story of Yanxi Palace, iliyokuwa imetikisa nchi mwaka uliotangulia, ikaondolewa kwenye stesheni. The Untamed (2019) ilitokana na riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, na kwenye skrini mapenzi hayo yakawa urafiki wa kufa na kuzikana. Siitetei mikasi ya wakaguzi. Lakini ni lazima kusema kwamba waigizaji wake wakuu, Xiao Zhan na Wang Yibo, wakiwa wamenyimwa maneno, walilazimika kuigiza kwa kutazamana, na Wang, ambaye mhusika wake hunena kidogo sana, alifaidika zaidi.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni hadithi moja iliyotengenezwa pande zote mbili. Riwaya ya Tong Hua kuhusu mwanamke wa leo anayejikuta miongoni mwa wana wa mfalme Kangxi ilifanywa China mwaka 2011 kwa sehemu 35, Liu Shishi akiwa mhusika mkuu na Nicky Wu akiwa mwana wa nne. Mwaka 2016 SBS waliirudia kwa jina la Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, sehemu 20, wakaihamishia enzi ya Goryeo, nafasi hizo mbili zikachukuliwa na IU na Lee Joon-gi. Toleo la Kikorea lina uso wa mtu karibu kila wakati: jicho, chozi, kovu chini ya kinyago. Lee anapoingia unamtazama yeye, wengine wanakuwa mapambo. Toleo la Kichina linakawia kwenye siasa. Mwana wa nne hana papara, na unamwona akihesabu. Anapomuumiza mwanamke ampendaye, unaelewa kwamba ni hesabu ileile iliyompa kiti. Nililia zaidi na la Kikorea, lakini nikiulizwa ni lipi lililoeleza kwa nini ndugu wanauana, nitataja la Kichina.

Sasa waigizaji wenyewe. Shabiki anayelinganisha Mkorea na Mchina kwa sauti anapaswa kujua jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: katika tamthilia nyingi za Kichina, hasa zinazosimulia enzi za kale, sauti si ya anayeonekana. Maeneo ya kupigia picha yana kelele, waigizaji wanatoka Taiwan, Hong Kong na mikoa yenye lafudhi mbalimbali, na ratiba haimsubiri mtu. Kwa hiyo mtaalamu huingiza sauti baadaye. Sauti ya Sun Li katika Empresses in the Palace, ile inayosifiwa kwa kupoa kadiri moyo wake unavyopoa, ni ya Ji Guanlin. Wanaotoa sifa wanawasifu wanawake wawili na kumtaja mmoja.

Korea mwigizaji hubeba sauti yake mwenyewe. Park Eun-bin katika Extraordinary Attorney Woo (2022) anaicheza nusu ya nafasi yake kwa ulimi: mwendo wa haraka, sauti isiyopanda wala kushuka, pumzi inayokatika mahali usipotegemea. Yeye ameigiza tangu utotoni, na mwaka 2023 alipata tuzo kuu ya Baeksang upande wa televisheni. Kazi ya namna hiyo ingefutika kabisa kama mtu mwingine angeisemea.

Haimaanishi kwamba Wachina hawajui. Mwigizaji Hu Ge alipata ajali mbaya ya gari mwaka 2006, ikamwachia majeraha usoni wakati umaarufu wake ulikuwa umejengwa juu ya uso huo. Miaka tisa baadaye akacheza Nirvana in Fire: mwanajeshi aliyenusurika mauaji ya jeshi zima, tiba ya sumu aliyoipata ikambadili sura, akarudi mji mkuu akiwa mgonjwa asiyetambulika hata na mchumba wake. Karibu sehemu zote 54 hashiki upanga. Anakaa, anakohoa, anamimina chai, na watu wanaanguka. Ningeombwa kutaja igizo moja la mwanamume katika nchi zote mbili, ningetaja hilo.

Kinachoharibu China ni pesa na kelele za mashabiki. Ujira wa nyota ulipanda hadi mwaka 2018 ikawekwa kanuni kwamba malipo ya waigizaji wote yasizidi asilimia 40 ya gharama, na wahusika wakuu wasichukue zaidi ya asilimia 70 ya fungu hilo. Mwaka huohuo mwigizaji Fan Bingbing alitakiwa kulipa kodi na faini za zaidi ya yuan milioni 880. Palipobaki pesa kidogo kwa mwandishi, palibaki hadithi kidogo. Korea tatizo ni jingine: wanaume huenda jeshini, miezi 18 hivi kwa jeshi la nchi kavu, mara nyingi katika kilele cha umri wa kuigiza vijana. Mwigizaji Hyun Bin alikwenda mwaka 2011 na kurudi 2012.

Afrika Mashariki tumezipokea kazi hizi kwa milango miwili. Mmoja ni rasmi: mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina ya ndoa na ukwe iliyowekewa sauti za Kiswahili, na Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Machi 2013 jijini Dar es Salaam. Mlango wa pili ni vibanda umiza na wauza flashi, ambako DJ huzungumza juu ya picha, hufupisha majibizano, humpa steringi jina la mtaani na kuongeza matusi ambayo mwandishi wa Seoul hakuyaandika. Huko mteja akija kuchukua sizoni mpya, kabla hajauliza nani ameigiza huuliza kwanza nani ametafsiri.