Mota Inayohesabu Bila Kuangalia

Unataka kujitengenezea mashine ya CNC ya kuchonga mbao, na hujui ununue mota gani? Subiri kidogo, turudi MIT, Marekani, mwaka 1952. Wahandisi wa pale walionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na tepu ya karatasi yenye matundu. Wazo lilianzia kwa John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Makabati ya elektroniki yalijaa valvu kama za redio za zamani (hebu fikiria joto lake!).

Mambo mengi yale ya nini? Mashine ilikuwa inajikagua: inapima meza imefika wapi, inalinganisha na amri, inajisahihisha.

Mota ya hatua, ile ya bei nafuu, haijikagui. Inapokea mapigo ya umeme na kusogea, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko. Ukiifunga kwenye skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Safi kabisa, mpaka kisu kikwame kwenye kifundo cha mbao. Mota inaruka hatua, kompyuta haina habari, na kazi yote iliyobaki inachongwa pembeni. Ubao umeharibika.

Kwa hiyo soma lebo vizuri. NEMA 23 si nguvu, jamani. Ni upana wa uso wa mota, takriban inchi 2.3. Na nguvu inayotangazwa dukani mara nyingi ni ya mota iliyosimama. Ikikimbia inapungua, tena haraka zaidi kama drayva ina volti ndogo. Omba grafu ya nguvu na kasi kabla hujatoa hela.