Kuondoa nywele kwa leza: Mambo ya kupima kabla ya kulipa

KWA mkazi wa Mtwara Mjini, Mikindani au Msimbati anayesumbuliwa na nywele za kidevuni au vipele vya ndevu, tiba ya leza huweza kuonekana kuwa ni suluhisho la siku moja. Ukweli ni kwamba tiba hiyo huchukua miezi, na mashine inayomfaa mtu mweupe yaweza kumuunguza mwenye ngozi nyeusi.

Msingi wa tiba hiyo ulielezwa mwaka 1983 na madaktari wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish. Walionyesha kuwa mwanga maalumu, ukitolewa kwa muda mfupi mno, huweza kupasha moto kitu chenye rangi bila kuunguza kilicho jirani yake. Katika nywele, kinachonasa mwanga huo ni melanini, yaani rangi nyeusi ya unywele. Joto hufika hadi kwenye mzizi na kuudhoofisha.

Tatizo ni kuwa ngozi nyeusi nayo ina melanini. Mashine za aleksandraiti, zinazotumia mwanga wa nanomita 755, huweza kuipasha moto ngozi yenyewe na kusababisha malengelenge, mabaka au makovu. Wataalamu hupendelea mashine ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake huzama zaidi na kunaswa kidogo na rangi ya juu ya ngozi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma si bei, bali ni aina ya mashine.

Jambo la pili ni muda. Nywele hukua kwa zamu, na leza huathiri zile tu zilizo katika kipindi cha kukua. Ndiyo maana mgonjwa hurudi mara sita au zaidi, kila baada ya wiki nne hadi nane. Kwa atakayeifuata huduma hiyo Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, safari sita za kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 6,600. Nauli na malazi havina budi kuhesabiwa pamoja na gharama ya tiba.

Hata baada ya hapo, nywele hupungua na kuwa laini, lakini si lazima ziishe kabisa. Mvi na nywele nyeupe haziathiriki kwa kuwa hazina rangi ya kunasa mwanga. Hivyo leza haiwafai watu wengi wenye ualbino.

Aidha, ngozi hupaswa kukingwa na jua kabla na baada ya kila awamu. Sharti hilo ni gumu kwa mvuvi au mfanyakazi wa mashamba ya chumvi ashindaye juani.

Wanaoweza kunufaika zaidi ni wenye vipele sugu vya ndevu. Hali hiyo hutokea pale unywele uliojikunja unaponyolewa karibu mno na ngozi, kisha ukarudi kuichoma. Hata hivyo, wengi hupata nafuu kwa kuacha wembe na kupunguza ndevu kwa mashine ya kinyozi pasipo kuzifikisha kwenye ngozi.

Mwanamke anayeota ndevu huku hedhi zake zikivurugika anashauriwa kumwona daktari kwanza, kwani chanzo chaweza kuwa mvurugiko wa homoni. Leza haitibu chanzo hicho.

Kwa anayetaka tu kwapa safi, wembe, au sukari iliyochemshwa na ndimu, bado ni njia nafuu. Dhana kwamba kunyoa huongeza wingi wa nywele si sahihi.

Ushauri wa ngozi hupatikana kwa wataalamu waliosomea fani hiyo, wakiwamo wanaofundishwa katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC mjini Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kwa ufupi, leza inafaa kujaribiwa na mwenye tatizo linalomtesa, nywele nyeusi, mashine sahihi na uwezo wa kukamilisha awamu zote. Anayemudu awamu moja tu ni heri ahifadhi fedha zake.