Mlima wa Jumamosi

Ukienda kufundisha Kiswahili Seoul, haichukui muda utaulizwa utapanda mlima lini. Walioniuliza mimi walikuwa walimu wenzangu wawili na mwanafunzi wangu mmoja, mhandisi mstaafu, aliyejifunza Kiswahili kwa sababu alizozijua mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Kwetu mlimani ndipo tunapoishi, tunapolima na tunapookota kuni. Kuupanda Jumamosi kwa hiari, tena kwa viatu vilivyonunuliwa kwa kazi hiyo, nilikuona ni mchezo wa walioshiba. Tulikwenda hata hivyo: treni ya chini ya ardhi hadi Gupabal, basi kidogo, na Bukhansan huo hapo, hifadhi ya taifa tangu 1983. Kilele chake, Baegundae, kina mita 836, na mji umekuja hadi miguuni pake.

Bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, kofia pana, glavu mikononi, matango ya kukata kiu yakichungulia kwenye mkoba, alinipita kwenye ngazi za mawe kana kwamba nimekaa. Kwa kweli nilikuwa nimekaa.

Mbele kidogo kuna ukuta wa ngome. Ulijengwa 1711, enzi za Mfalme Sukjong, kwa uchungu wa yaliyotokea miaka sabini na zaidi nyuma, pale jeshi la Wamanchu lilipomzingira Mfalme Injo katika ngome nyingine, Namhansanseong, hadi akasalimu amri. Ukuta ulikamilika kwa miezi michache, na ulinzi wake ukategemea sana watawa wa Kibudha. Dola ya Joseon iliwadharau watawa hao, lakini haikuona haya kuwafanya askari na mafundi wa mawe. Upande wa kusini, juu ya kilele cha Bibong, kulikuwa na jiwe la kale zaidi, la Mfalme Jinheung wa dola ya Silla, wa karne ya 6. Watu walilidhani la mtawa fulani mpaka 1816, msomi Kim Jeong-hui alipopanda, akayasoma maandishi yaliyofifia na kutambua ni la nani. Tangu 1972 limeondolewa mlimani. Sasa liko makumbusho.

Hayo utayasoma kwenye mabango. Lililonishangaza mimi halikuwa kwenye bango lolote.

Nilimsifia mzee wetu, yule mhandisi, misonobari na mialoni iliyotufunika. Akacheka. “Mwalimu, nilipokuwa mtoto milima ilikuwa myekundu.” Alimaanisha udongo mtupu. Baada ya shule alikuwa akipewa reki ya mianzi akakusanye sindano za misonobari zilizoanguka, kwa kuwa matawi yalikwisha zamani. Siku nyingine shule nzima ilipelekwa mlimani kutoa viwavi kwenye misonobari michache iliyobaki, mtoto mmoja kopo, mwingine koleo.

Chanzo ni sakafu. Nyumba ya jadi ya Kikorea ilipashwa joto kutoka chini: moto uliwashwa jikoni, na moshi wake ulipita chini ya mawe ya sakafu ya chumba cha kulala kabla ya kutoka nje. Ni ufundi wa kale na mzuri, ila baridi ya Seoul hushuka chini ya sifuri usiku baada ya usiku, na kila chumba kilidai mzigo wake wa kuni. Wafalme wa Joseon walikataza kukata misonobari kuzunguka mji mkuu, lakini tumbo la jiko halisikii katazo. Ukaja ukoloni wa Wajapani, 1910 hadi 1945, ukavuna mbao. Ikaja vita ya 1950 hadi 1953, ikamaliza.

Hata Januari 1968 kuni zilikuwa bado zinatafutwa. Makomando 31 wa Korea Kaskazini walivuka mpaka kwenda kumuua Rais Park Chung-hee, na milimani kaskazini mwa Seoul wakakutana na ndugu wanne wakikata kuni. Wakawaachia. Ndugu wale wakaenda polisi. Makomando walipita juu ya matuta haya haya ya Bukhansan na kufika karibu kabisa na ikulu kabla ya kuzuiwa. Baada ya hapo njia ya Uiryeong, inayokatiza mlima, ilifungwa kwa raia. Ilifunguliwa tena 2009.

Watu wengi humpa Park sifa ya misitu, na anastahili sehemu yake. Mpango wa miaka kumi ulioanza 1973 ulilenga hekta milioni moja na ukatimia 1978. Idara ya misitu ilihamishiwa wizara ya mambo ya ndani, wizara yenye polisi, kwa hiyo mtu alipanda akitaka asitake. Lakini miche ilipona kwa sababu jiko lilikuwa limekwisha kubadilika. Mijini watu walihamia yeontan, tofali la duara la vumbi la makaa ya mawe lenye matundu kutoka juu hadi chini. Lilikuwa rahisi, na liliua: gesi ilipenya kwenye nyufa za sakafu, na kila majira ya baridi kulikuwa na familia zilizolala zisiamke. Mzee anakumbuka mama yake akimnywesha jirani maji baridi ya kimchi ya figili, ndiyo yaliyoaminika kuwa dawa. Msitu ule una gharama ambayo haitajwi siku ya kupanda miti.

Jumamosi yenyewe ni changa kuliko misonobari. Wiki ya kazi ya siku tano ilianza kwa awamu mwaka 2004. Kabla ya hapo Jumamosi ilikuwa ya kazini. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997 wapo wanaume walioachishwa kazi waliotoka nyumbani asubuhi na suti zao, wakaenda kushinda milimani ili wake zao wasijue. Kiingilio cha hifadhi kilifutwa 2007. Pombe kileleni ilipigwa marufuku 2018, kwa hiyo sisi tulikunywa makgeolli, pombe ya mchele, baada ya kushuka, pamoja na chapati za vitunguu majani, na mzee akakataa katakata tuchangie bili.

Kwetu Tanzania tumejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kila msimu wa mvua viongozi wetu hupiga picha na miche. Naomba safari hii waandishi wa habari wauache mche kidogo, wamuulize kiongozi mtungi wa gesi utauzwaje kwa mama lishe wa Manzese anayenunua mkaa wa kopo.